Seva ya Kondo Ilivyopanda Mgeta

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, ukipita mtaa wetu pale Morogoro mjini ukasikia mngurumo wa mashine ya kusaga na usione unga wala mahindi, basi ulikuwa umepita mbele ya kafe ya Kondo. Mimi nilikaa hapo hapo barazani na cherehani yangu. Nilishona palipokuwa duka la mitumba, nikashona palipokuwa banda la kurekodi kanda za muziki, na nikaendelea kushona alipohamia Kondo na kompyuta zake tatu na nyaya za kutosha kuanika nguo za mtaa mzima. Kwa hiyo habari zake nazijua. Ambazo sizijui aliniambia mwenyewe bila kuulizwa, maana Kondo hakuwa mtu wa kulala na neno tumboni.

Jina lake la ubatizo ni Eustace, lakini ukimwita Eustace hageuki. Ni Mluguru wa Mgeta, kule juu ambako kabichi na njegere hulimwa kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huifikiria kwanza. Alishuka mjini kijana, akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo, akawa fundi wa mota. Kisha ukaja ubinafsishaji. Kiwanda kikapata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya akapata mafundi wapya. Kondo akarudi nyumbani na bisibisi zake kwenye mfuko wa rambo. Wenzake wengi walipotea kwenye pombe. Yeye aliweka meza nje ya soko akatengeneza redio, akatoka kwenye redio akaingia kwenye televisheni, na siku watu walipoanza kuulizana habari za intaneti, Kondo alikuwa tayari anawajibu, ingawa mwenyewe hajaiona.

Kwa ujasiri huo nilimpenda. Kwa ile feni nilimchukia.

Feni ilikuja na seva. Shirika moja la umma kule Dar lilikuwa linauzwa vipande vipande, meza kwa meza, na Kondo alikwenda mnadani kutafuta viti vya kafe. Alirudi na sanduku la chuma linalofika kiunoni, zito kiasi kwamba watu wanne walisaidiana kuliteremsha na mmoja wao akashikwa na mgongo. Viti hakununua. Wateja walikalia makreti ya soda mpaka mwaka uliofuata.

"Shakila," aliniambia, huku analipangusa kwa kitenge nilichokuwa namshonea mtu, "hii ndiyo seva. Hizi nyingine zote ni watoto wake."

Nilimwambia kitenge kile ni cha mteja. Hakunisikia, kwa sababu alikuwa ameshaiwasha.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Bonifasi, mpiga video za harusi, Mnyamwezi wa Tabora. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, kwa hiyo kati ya wawili hao hakuna adabu iliyowahi kupita. Kondo alimwita mpagazi, kwamba babu zake walipita hapa na mizigo ya watu kichwani, na yeye ndiye aliyesahaulika njiani. Bonifasi naye alishikilia kwamba Waluguru wote wana mguu mmoja mfupi kwa kuishi kwenye mteremko, ndiyo maana Kondo akisimama mahali tambarare hutafuta cha kuegemea. Mtani hakasirikiwi, ndiyo kanuni. Mimi ni mtu wa Turiani, si Mluguru wala Mnyamwezi, simo upande wowote, lakini kanuni hiyo niliisikiliza kutwa.

Haikupita muda Bonifasi naye akaja na laptop, imechubuka pembe zote, kaachiwa na mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao. Hapo utani ukapata chakula.

"Yangu inakaa mapajani," alisema siku ya kwanza. "Yako, mtani, inakalia nyumba nzima."

"Ndiyo maana yako ina akili ya mapajani," Kondo akajibu. "Njoo nikufundishe, mpagazi. Ndani ya yangu kuna prosesa mbili. Kompyuta zote za humu zinaiuliza maswali kwa pamoja nayo inazijibu zote, asubuhi mpaka asubuhi, haipunguzi mwendo. Kumbukumbu yake ikikosea inajisahihisha yenyewe. Yako ina prosesa moja, na hiyo moja imefundishwa ubahili. Ikiona betri inashuka, inapunguza mwendo. Ikipata joto, inapunguza mwendo. Ikipewa kazi nzito, inaomba ruhusa."

"Inajua kupumzika, ndiyo itakayonizika. Yako inakunywa umeme wa kiwanda, na joto lake linamkausha Shakila wa watu huko nje. Na umeme ukikatika, je?"

Swali hilo liliuma, maana umeme ulikuwa unakatika sana. Seva ilikuwa inazimika na kafe yote inazimika nayo. Hapo Bonifasi alikuwa anatoka na laptop yake, anakaa karibu na cherehani yangu, anaandika kadi za harusi kwa madaha, huku akibonyeza kwa nguvu ili asikike upande wa pili wa ukuta.

Siku moja nilichoka. Nikawaambia: kule kwenu Mgeta, Kondo, mama anashusha tenga la karoti kichwani kutoka shambani mpaka barabarani, halafu lori linazipeleka Dar. Sasa nani hodari, mama au lori? Lori halipandi shambani, na mama hafiki Dar na tenga kichwani. Walinitazama, wakatazamana. Kondo akasema, "Lori." Bonifasi akasema, "Mama." Wakaendelea kubishana.

Yote hayo yangebaki kuwa utani wa barazani kama si Bibi Yuliana.

Bibi Yuliana alikuwa mama yake Kondo. Ndiye aliyemlea Magreth, binti wa Agnes, dada yake Kondo, kwa sababu Agnes alikuwa anafuata kazi za miwa kule Mtibwa na mtoto akakulia mgongoni kwa bibi yake. Magreth alipochumbiwa, bibi alikuwa ameshaanza kuugua. Akamwita Kondo apande Mgeta na mtu wa video. "Harusi sitaiona," alisema. "Nataka niseme maneno yangu sasa, Magreth ayasikie siku ya kuagwa, si kabla." Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la bibi mzaa mama siku binti anapoondoka si pambo la sherehe. Magreth mwenyewe aliwaambia wakwe kwa adabu zote kwamba bila kulisikia neno la bibi hatoki nyumbani.

Bonifasi alipanda na kamera yake, Kondo akashika taa, bibi akasema yake. Hakukaa sana akafariki. Mazishini Bonifasi, kwa haki yake ya utani, alishuka kaburini akalala humo, akakataa kutoka mpaka akombolewe kwa kuku, akidai bibi alimwahidi nafasi hiyo. Watu walicheka huku wanalia. Kondo alicheka tu. Chozi sikuliona, na nilimtazama sana. Nikasema moyoni mwangu, huyu mwanamume ni mkavu.

Mkanda ulibaki kwake. Aliiingiza video kwenye kompyuta ya dirishani, ikapita kwenye waya mpaka kwenye seva, na akatangaza kwamba yeye, mjomba wa bibi harusi, ndiye atakayeitengeneza. Ilikuwa imerekodiwa uani, kuna jogoo, kuna sufuria, kuna watoto. "Nitaisafisha sauti, neno kwa neno," akasema. "Prosesa mbili, Shakila." Jioni wateja wakiondoka alikuwa anajifungia nayo. Nikimuuliza amefika wapi, ananiambia amefika pazuri. Bonifasi alipohitaji mkanda wa kurekodia harusi nyingine, Kondo akampa ule ule. "Rekodia tu, mama yuko salama kwenye seva." Na kweli alikuwa pale tu, kwani ile ya kompyuta ya dirishani alishaifuta ili kupata nafasi.

Sendofu, yaani sherehe ya kumuaga Magreth, ilipokaribia nilimshauri aiweke video kwenye CD aende nayo mfukoni. Gauni la bibi harusi nilishona mimi, na sikutaka kazi yangu ionekane kwenye shughuli yenye fedheha. Akasema CD moja haitoshi, na zikiwa mbili itakuwa kumkata mama vipande. Nikamwambia basi abebe ile kompyuta ya dirishani. Akasema hiyo ni ya kuandikia barua. Bonifasi akasema, nipe niiweke kwenye laptop. Kondo alimtazama kama mtu aliyeambiwa amlaze mama yake kwapani kwa mtu.

"Seva itapanda Mgeta," akasema.

"Itapandaje?"

"Kwani Wanyamwezi wameisha?"

Tulipanda na lori la mboga lililokuwa linarudi tupu. Seva ililazwa katikati, imezungushiwa blanketi, na kando yake jenereta tuliyoazima kwa Mzee Chandrakant mwenye duka la vipuri. Kioo cha kompyuta nilikipakata mimi, ati kwa sababu mafundi cherehani tuna mikono mizuri. Bonifasi alijilaza juu ya magunia matupu, laptop kwapani. Hakubeba hata waya wa kuchajia. "Betri," aliniambia, akapigapiga kifuniko.

Lori lina mwisho wake. Kutoka barabarani mpaka kwa akina Kondo ni njia ya miguu, na njia yenyewe inapanda bila huruma. Vijana wa pale walilitazama lile sanduku, wakakata miti miwili, wakafunga machela. Ndivyo mzigo mzito unavyobebwa kule. Ndivyo pia mgonjwa anavyoteremshwa kwenda hospitali, na ndivyo anavyorudishwa ikiwa hakupona. Hilo hakuna aliyelifikiria mpaka tulipokutana na akina mama wa kwanza.

Walikuwa wanashuka na matenga yao. Wakaona machela, wakaona blanketi limefunika kitu kimelala, wakaona Kondo anafuata nyuma kavaa suti nyeusi, maji yanamtiririka usoni. Wakatua matenga. Mmoja akajishika kichwa.

"Poleni jamani," akasema. "Ni nani?"

Kondo alikuwa hana pumzi. Alitikisa mkono tu, yaani si neno, lakini mkono wenyewe ulitikisika kwa majonzi. Bonifasi, Mungu amsamehe, akavua kofia.

"Alitoka Dar," akasema kwa sauti ya kanisani. "Alifanya kazi asubuhi mpaka asubuhi. Hakuwahi kupumzika."

Kule huwezi kupishana na machela ukaendelea na safari zako. Hata kama humjui aliyebebwa, unageuka unasindikiza. Akina mama wakageuka. Mbele tukakuta wazee wawili, wakageuka. Wanakwaya waliokuwa wanakwenda kwenye sendofu hiyo hiyo wakatukuta njia panda, wakatazamana, wakaanzisha wimbo wa maziko. Kila Kondo aliposimama ili aeleze, watu walimshika mkono wakampa pole. Mimi nilicheka mpaka nikaogopa kukiangusha kioo. Tulipofika uani Agnes alitoka jikoni, akauona msafara, akapiga yowe akakaa chini, na ikabidi Kondo alifunue blanketi mbele ya watu wote.

Agnes aliinuka, akalizunguka sanduku.

"Kaka," akasema, "umenipandishia friji?"

Shughuli ikaanza, na wale wasindikizaji wa maziko wakabaki, kwa sababu pilau ilikuwa inanukia. Magreth alikaa kwenye kiti kilichopambwa, gauni limemkaa sawasawa, najisifu mwenyewe. Lakini macho yake hayakuwa kwa wakwe wala kwenye zawadi. Nilipoinama kumrekebisha mkufu alininong'oneza.

"Fundi, kweli bibi yumo humo?"

Nikamwambia yumo. Moyoni nilikuwa naogopa, maana alivyouliza si kwa utani.

Jenereta ikavutwa, seva ikawashwa, feni ikaanza. Mbuzi waliofungwa nyuma ya nyumba walikata kamba. Seva haiwaki hivi hivi tu. Ilijikagua kumbukumbu, ikajikagua diski moja baada ya nyingine, na katekista aliyesimama tayari kwa sala alikaa, akasimama, akakaa tena. Laptop ya Bonifasi ilikuwa imewaka zamani. Aliifungua magotini akawa anawaonyesha watoto picha za simba wa Mikumi.

Hatimaye kioo kikang'aa na Bibi Yuliana akatokea. Amekaa kwenye kigoda chake, kajifunga kitenge chake cha njano, na ukuta ulio nyuma yake ndio huo huo uliokuwa nyuma yetu. Watu wote walishusha pumzi. Magreth alisimama.

Bibi akafungua mdomo, akaanza kusema, na hatukusikia kitu.

"Ongezeni sauti," mtu akasema. Kondo alichukua waya wa spika za kwaya, akazunguka nyuma ya seva kutafuta pa kuuchomeka. Akatafuta. Akapiga magoti. Nikaenda kuinama naye. Kulikuwa na tundu la umeme, la kioo, matundu ya mtandao, na mengine ambayo sijui ya nini, lakini tundu la sauti halikuwepo. Seva ilitengenezwa ikae chumba cha peke yake, izihudumie kompyuta nyingine. Walioiunda hawakuona sababu ya kuipa mdomo.

"Haina," Kondo akasema polepole.

"Haina nini?"

"Haina kadi ya sauti. Haijawahi kuwa nayo."

Hasira zikanipanda. Nikamuuliza kwa sauti ya chini: sasa zile jioni zote ulikuwa unasafisha nini? Alibaki amepiga magoti, ameshika ule waya.

Huku mbele bibi aliendelea kusema. Mkono wake ulikuwa unakwenda, akatikisa kidole, akacheka kidogo, yote kimya kimya. Magreth alikaa, akafunika uso kwa viganja. Mshenga wa upande wa bwana akatazama saa yake, kisha akamtazama Agnes.

Mimi nilimtazama Bonifasi. Amekaa pale pale na laptop yake, ambayo spika zake ni ndogo kuliko vifungo vya koti lakini zipo. Hiyo ndiyo ilikuwa siku aliyoisubiri tangu seva ije, na hakusema kitu. Kondo naye alimtazama, akamsubiri aseme, na kwa kuwa hakusema, ikambidi aende mwenyewe. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Alikwenda akachuchumaa mbele yake.

"Mtani," akasema. "Nipokelee mama."

"Nitampokea," Bonifasi akajibu. "Lakini sanduku lako nimeliteka. Ukombozi wake nitakwambia baadaye."

Waya wa mtandao ukaunganisha mashine mbili, video ikavuka. Bonifasi akabonyeza. Bibi akasema, "Mag," akaganda mdomo wazi. Akaja kusema, "reth," wakati mdomo umeshafumba. Kondo, kwa kuringia prosesa zake mbili, alikuwa ameihifadhi video nzito kupita kiasi, na ile moja ya Bonifasi, baada ya betri yake kuliwa na simba wa Mikumi, ilifanya ilivyofundishwa. Ilipunguza mwendo.

"Chomeka chaja," nikasema.

"Chaja iko Morogoro," Bonifasi akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona anaona haya.

Nilitaka kuwapiga wote wawili kwa kile kioo. Nikawaambia mbele ya wakwe kwamba mtoto wa watu anakosa neno la bibi yake kwa sababu ya wanaume wawili wanaoshindania makasha. Sikuomba radhi siku ile na sijaomba mpaka leo.

Ni Kondo aliyezinduka. Alisimama, akavua koti la suti. "Irudishe kwangu," akamwambia Bonifasi. "Yangu iipunguze uzito, yako iiseme. Fumba laptop yako ipumzike, utunze betri."

Kazi ile laptop isingeimaliza kabla betri haijazimika. Seva iliifanya wakati katekista anasali na kwaya inaimba wimbo mmoja mrefu, feni inashindana na sauti ya kwanza, prosesa mbili zinagawana kazi. Katikati ya wimbo jenereta ikaanza kukohoa. Petroli ilikuwa inakwisha. Agnes, na nguo zake za sherehe, aliikumbatia jenereta akaiinamisha upande ili petroli iliyobaki ifike kinywani mwa mashine, akabaki ameishikilia hivyo, moshi unampiga usoni. Video ikapungua, ikavuka waya mara ya pili, ikafika. Jenereta ikakohoa mara moja tena, ikanyamaza. Seva ikazimika, na spika za kwaya nazo.

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuwa kimya. Waliweka laptop juu ya jiwe la kusagia la bibi, kwa kuwa lilikuwa baridi na lingeipunguzia joto. Magreth akapiga magoti mbele yake na gauni langu, na watu wote, wakwe, kwaya na wale wa maziko, wakajikunja nyuma yake ili wasikie zile spika ndogo. Bonifasi akabonyeza.

Kwanza tulimsikia jogoo. Kisha sufuria ikaanguka. Kisha watoto. Kila kitu kilikuwepo, hakuna kilichosafishwa.

"Magreth, mwanangu," bibi akasema. "Nenda. Usiende kama mtu aliyefukuzwa. Nenda kama unakwenda kuchota maji na njia ya kurudi unaijua. Shamba la ukoo lina sehemu yako na hakuna wa kukuuliza. Mumeo akiwa mwema, mpikie. Akiwa si mwema, mpikie mara moja tu, ale ashibe, halafu chukua kitenge chako uje."

Wakwe walicheka, bwana harusi zaidi ya wote, kwa woga. Lakini kulikuwa na kitu kingine kwenye video, karibu sana na kamera. Mtu alikuwa analia. Ni mwanamume, anajizuia, anashindwa, kilio kinamtoka kwa vipande, na mwanga usoni kwa bibi ulikuwa unatikisika. Bibi akanyamaza, akatazama pembeni.

"Kondo, tuliza taa. Inacheza."

Taa haikutulia.

"Mtoto wa kiume unalia mpaka jogoo anashangaa. Na wewe Bonifasi, usimcheke."

"Simcheki, bibi," ikasema sauti ya Bonifasi, nayo haikuwa nzima.

Nikageuka kumtafuta Kondo. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, kashika koti lake, na uso wake ulikuwa umelowa wote. Nikaelewa. Ile sauti hakuwahi kuisikiliza hata mara moja. Jioni zote zile alikuwa anajifungia na kumtazama mama yake anaongea kimya kimya, kwa sababu sauti asingeiweza, na ndiyo maana hakujua kwamba seva yake haina mdomo. Nilijuta kumwita mkavu. Na Bonifasi, mwenye ruhusa ya kumtangaza nchi nzima, alikuwa amekijua kilio hicho tangu siku ya kurekodi na hakukitamka hata katikati ya ugomvi.

Bibi alikuwa hajamaliza. Alimtazama tena yule aliyeshika taa, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Futa uso, baba. Na siku hiyo usihangaike kuwaambia watu kwamba hukulia. Nimeshawaambia mimi."

Uani watu waliangua kicheko ambacho nadhani hata waliokuwa barabarani walikisikia. Magreth alicheka huku machozi yanadondoka kwenye gauni langu, na nikamwacha. Alisimama, akapita katikati ya watu mpaka kwa Kondo, akamshika mkono.

"Mjomba," akasema, "nitoe."

Kondo akamtoa.

Kesho yake seva ilishuka mlimani kwa machela ile ile, safari hii bila blanketi ili tusisindikizwe. Mbele kabisa, mti begani, alikuwa Bonifasi. Kondo alimfuata akiimba kwamba hatimaye mpagazi amerudi kazini. Walipotua kupumzika nikamkumbusha Bonifasi kwamba hajataja ukombozi.

Alijipangusa jasho kwanza. "Hiyo video isisafishwe," akasema. "Ibaki na kelele zake zote."

Kondo alikamata mti wa nyuma. Wiki iliyofuata aliifungua seva akaitia kadi ya sauti, ingawa Bonifasi alimwambia ni kulivisha lori hereni. Feni bado inanguruma, na mimi bado naichukia. Lakini jioni wateja wakiondoka namsikia jogoo kule ndani, kisha sufuria, kisha bibi akimwambia mtu atulize taa. Hapo naondoa mguu kwenye cherehani mpaka amalize.